Kioo cha Gari la Jeshi Kuukuu: Namna ya Kukichagua Ufikapo Dar es Salaam

Land Rover iliyokwisha tumika jeshini ni gari lenye kustahimili. Chesisi yake ni nzito, bodi yake ni ya aluminiamu isiyoliwa na kutu kama bati, na injini yake hutengenezeka chini ya mwembe kwa spana chache. Kwa ajili hiyo mwanachama akiipata mnadani hujiona amepata punda wa chuma wa kupandishia vifaa shambani na kuteremshia magunia ya karafuu hadi kituoni. Lakini kila kitu kina mahali pake pa udhaifu, na udhaifu wa gari hili ni vioo. Gari likishauzwa na jeshi huwa limekaa juani miaka mingi, mipira imekauka, fremu zimeota kutu, na kioo cha mbele kina ufa au hakipo kabisa.

Hapo ndipo mtu huvuka bahari kwenda Dar es Salaam kutafuta kioo, na hapo ndipo makosa makubwa hufanyika. Kioo cha gari si kama kioo cha dirisha la nyumba. Ukikosea kiberiti utapata hasara ya senti chache. Ukikosea kioo cha mbele, siku jiwe litakapokirukia barabarani, atakayeumia ni dereva, na pamoja naye wote aliowabeba. Basi makala haya yameandikwa ili mwanachama ajue la kuuliza kabla hajatoa fedha.

GARI LENYEWE

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Waliolibuni walichukua mfano wa Jeep ya Willys iliyotumika katika Vita Kuu ya Pili, na bodi wakaitengeneza kwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Ya aina ya pili ilitoka mwaka 1958, ya tatu 1971, na ile yenye springi za kuzunguka ilianza 1983, ikapewa jina la Defender mwaka 1990. Utengenezaji wake ulikoma huko Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Katika miaka hiyo yote umbo la vioo halikubadilika sana, na jambo hili ni bahati yetu. Vioo vya magari haya ni bapa. Zile za zamani, mpaka aina ya tatu, zina vioo viwili vya mbele na nguzo katikati. Zilizofuata zina kioo kimoja kipana, nacho pia ni bapa. Jeep ya Willys vilevile ina vioo viwili bapa. Kioo bapa chaweza kukatwa na fundi hodari kutoka katika bamba kubwa. Gari lenye kioo kilichopinda halina njia hiyo. Mwenye gari hilo hana budi kutafuta kioo kilichofinyangwa kiwandani kwa ajili ya gari lile lile.

Tena yafaa kujua jambo moja mapema. Akija mtu akakwambia kwamba kioo chake ni "cha jeshi" na kwa hiyo bei yake ni mara mbili, usibabaike. Land Rover ya kawaida ya jeshi haina kioo cha kuzuia risasi. Kioo chake ni cha namna ile ile iliyotiwa katika gari la mkulima au la bwana shamba.

AINA TATU ZA KIOO

Aina ya kwanza ni kioo cha kawaida, kile cha madirisha ya nyumba. Kikivunjika hutoa mapande marefu yenye ncha, makali kama visu. Hiki hakifai mahali popote katika gari, hata kwa siku moja, hata kama fundi atakuapia kuwa amewawekea watu wengi na hapana aliyelalamika.

Aina ya pili ni kioo kilichopikwa, ambacho mafundi hukiita tempa. Kioo kikishakatwa kwa kipimo chake huingizwa katika tanuri yenye joto la zaidi ya digrii 600, kisha hupozwa ghafula kwa upepo. Uso wake hukaza na ndani yake hubaki mvutano, na kwa hiyo huwa na nguvu mara nne hivi kuliko kioo cha kawaida. Kikivunjika humwagika chote kwa mara moja, vipande vidogo kama punje za mahindi, na vipande hivyo havikati sana. Kwa milango na ubavuni ni kioo chema. Lakini mbele kina aibu yake: kikipigwa na jiwe huenda kikajaa mipasuko yote pamoja kabla ya kuanguka, na dereva asione njia kabisa. Mtu anayeteremka mlima na magunia 20 nyuma yake hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Aina ya tatu ni kioo cha tabaka, yaani lamineti. Hivi ni vioo viwili vyembamba vilivyobandikwa pamoja, na kati yake upo utando wa plastiki. Mwanzo wake ulikuwa ajali. Mwaka 1903 mtaalamu wa kemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa katika chumba chake cha kazi. Chupa ikavunjika lakini vipande havikutawanyika, maana ndani yake palikuwa pamekauka dawa iliyoacha utando. Akafahamu faida yake, na katika Vita Kuu ya Kwanza kioo cha namna hiyo kilitumika katika vinyago vya kujikingia gesi ya sumu. Kioo cha tabaka kikipigwa hupata ufa, lakini vipande hubaki vimeshikana na utando, dereva huendelea kuona njia, na kichwa cha mtu hakitoki nje kwa urahisi.

Kanuni basi ni nyepesi kukumbuka: mbele, tabaka, ubavuni na nyuma, tabaka au kilichopikwa, cha nyumba, popote, hapana.

NAMNA YA KUVITAMBUA

Tazama kwanza pembe ya chini ya kioo. Kioo kilichotengenezwa kwa ajili ya gari huwa na alama iliyochomwa. Cha Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na tarakimu ya nchi iliyokithibitisha. 1 ni Ujerumani na 11 ni Uingereza. Karibu yake huandikwa 43R, ambayo ni kanuni ya kimataifa ya vioo vya magari. Ukiona na alama ya II ya Kirumi, hicho ni kioo cha mbele cha tabaka. Ukiona V ya Kirumi, maana yake kioo hicho hupitisha nuru pungufu ya sehemu 70 katika 100. Ni cha giza, nacho si cha mbele. Cha Marekani huandikwa AS1 kikiwa ni cha mbele, na AS2 kikiwa ni cha mahali pengine.

Pasipo alama, tumia macho. Kishike kioo ukitazame ukingo wake mahali penye nuru. Cha tabaka utaona mstari mwembamba katikati, kama utando wa yai, na vioo viwili pande zake. Kilichopikwa hakina mstari. Ukivaa miwani ya jua ya polaroidi ukakitazama kwa mshazari, kilichopikwa huonyesha madoa au michirizi kama ngozi ya kanga.

Na upo mtihani mwingine usiokosea. Kioo kilichokwisha pikwa hakikatiki wala hakitobolewi. Ukijaribu, chote humwagika. Basi fundi akikwambia kwamba bamba lake ni tempa, kisha akalikata mbele yako kwa almasi, umekwisha kujua kuwa hakukwambia kweli.

KIGEZO KWANZA, SAFARI BAADAYE

Wengi hufika Dar es Salaam na kipimo kilichoandikwa juu ya kipande cha karatasi: upana kadha, urefu kadha. Hicho hakitoshi. Gari lililotumika jeshini limegongwa, limenyooshwa, na fremu yake haikubaki mraba. Kabla ya kuondoka nyumbani fanya haya:

Kwanza, pima fremu kutoka pembe hata pembe, kisha pembe zile nyingine mbili. Vipimo viwili hivyo vikitofautiana, fremu imepinda, na haifai kutiwa kioo mpaka inyooshwe. Kioo hakikubali kulazimishwa. Kitapasuka siku ya kwanza gari litakapoingia katika shimo.

Pili, kata kigezo kwa mbao nyembamba au kadibodi ngumu, kiingie katika fremu na kuacha nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande. Kata kigezo kwa kila kioo. Usidhani kwamba cha kulia na cha kushoto ni sawasawa. Andika juu yake "kulia, nje" na "kushoto, nje" ili fundi asikigeuze.

Tatu, pima unene wa mfereji au wa mpira unaoshika kioo, na ukiwa na kipande cha kioo cha zamani, chukua kipande hicho. Kioo kinene kuliko mfereji hakiingii, na chembamba hugongagonga mpaka kikapasuka.

KUULIZIA DAR ES SALAAM

Mtu aweza kudhani kwamba vioo vya magari ya jeshi huuzwa karibu na kambi. Upande wa Kinondoni, kando ya Barabara ya Bagamoyo, iko kambi ya Lugalo, ambayo zamani za Waingereza iliitwa Colito. Hapo ndipo maasi ya askari wa Tanganyika Rifles yalipoanza tarehe 20 Januari 1964, na tarehe 1 Septemba mwaka ule ule likaundwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi. Upande wa Temeke iko Mgulani, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Lakini kambi si duka, wala haimhusu mnunuzi wa kioo. Anayemhusu ni fundi wa vioo na mwenye gereji.

Mafundi hawa ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wa vioo vya magari, ambao hushughulika zaidi na magari madogo kutoka Japani. Kwao utapata mipira, gundi na mikono iliyozoea kazi, ila kioo cha Land Rover ya zamani huenda wasiwe nacho. Wa pili ni wa madirisha ya aluminiamu, ambao karakana zao zimetapakaa katika vitongoji pamoja na wauzaji wa vifaa vya ujenzi. Hawa wanayo mabamba makubwa ya kioo cha tabaka, na wanaweza kukata kwa kigezo. Mara nyingi njia iliyo bora ni kukata kwa huyu na kufunga kwa yule.

Jina nalo lisikupoteze. Chang'ombe, katika Temeke, kipo kiwanda kiitwacho Kioo Limited, kilichoanzishwa mwaka 1963. Hicho hutengeneza chupa, si mabamba. Mabamba hutengenezwa Mkuranga, kusini mwa Temeke kwa Barabara ya Kilwa, ambako kiwanda kilizinduliwa mwaka 2023. Mengine huja kwa meli. Mabamba ya siku hizi huelea juu ya bati lililoyeyushwa yanapotengenezwa, kwa ufundi uliotangazwa na Pilkington wa Uingereza mwaka 1959, na kwa hiyo huwa sawasawa bila mawimbi. Hata hivyo usikate shauri bila kutazama: simama hatua mbili nyuma ya bamba, tazama nguzo au mlango ng'ambo yake, kisha sogeza kichwa. Nguzo ikicheza kama iliyo ndani ya maji, bamba hilo litakuumiza macho.

Ukifika kwa fundi wa aluminiamu uliza unene wa utando. Bamba la majumbani huwa na utando wa milimita 0.38. Huo ulitumika katika magari zamani, lakini tangu miaka ya 1960 vioo vya mbele vya magari vimewekewa utando wa milimita 0.76, kwa sababu ule mwembamba ulipasuka na kichwa cha mtu kikapita. Basi ombeni 0.76. Tofauti ya bei haifiki thamani ya jicho moja. Tena bamba liwe jeupe kabisa. Si la maziwa, si la buluu, si la kioo cha kujitazamia.

Simama fundi akikata. Kioo cha tabaka hukwaruzwa kwa almasi pande zote mbili, mstari juu ya mstari, kisha huvunjwa pande zote mbili, na mwishowe utando hulainishwa kwa joto na kukatwa kwa wembe. Anayekwaruza upande mmoja tu hajui kazi hiyo. Kingo zisuguliwe kwa jiwe mpaka zisimkwaruze mtu kidole, maana ufa mrefu huanzia katika pengo dogo la ukingoni.

Jambo moja lisisahaulike. Kioo kilichokatwa katika bamba la ujenzi hakina alama ya gari. Kabla ya kukata, muulize mkaguzi wa magari wa mahali gari lilipoandikishwa kama atakikubali. Asipokikubali, agiza kioo chenye alama kwa wauzaji wa spea za Land Rover, hata kama itakubidi kungoja.

FREMU, MPIRA NA GUNDI

Kioo kipya katika fremu mbovu ni fedha iliyotupwa. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, lakini fremu ya kioo cha mbele ni ya chuma, na sehemu ya chini ndiyo huoza kwanza kwa maji yanayotuama. Kutu huvimba, ikivimba hukisukuma kioo, kioo hupasuka bila kupigwa na chochote. Kwangua kutu yote, paka rangi ya kuzuia kutu, ngoja ikauke, ndipo utie kioo. Mpira uliokuwa mgumu kama kifuu usirudishwe. Skrubu zilizokatika zichokolewe na kutiwa mpya.

Angalia na gundi. Ipo silikoni ambayo ikifunguliwa hunuka siki. Hiyo ina asidi. Hula utando wa kioo cha tabaka ukingoni, na chuma nacho hushika kutu. Ombeni ile isiyonuka siki. Kioo cha tabaka kikishaingiwa na unyevu ukingoni huanza kuwa cheupe kama maziwa, na weupe huo hauondoki. Kwa sababu hiyo pia, kioo cha zamani kilicholala ghalani miaka mingi, hata kiwe cha asili, kikaguliwe kingo zake kabla ya kununuliwa. Hewa yetu ya chumvi haina huruma.

MADIRISHA YA UBAVUNI NA NYUMA

Katika Land Rover za zamani sehemu ya juu ya mlango hufungwa kwa bolti, na ndani yake vioo viwili huteleza katika mifereji. Mifereji hiyo hushika maji na kuoza. Vioo vyake vyaweza kukatwa katika bamba la tabaka, au kukatwa kwa kigezo kisha vikapelekwa kupikwa. Ukichagua kupika, kila tundu na kila pembe ya duara itengenezwe kabla ya tanuri. Baada ya hapo hakuna marekebisho.

Magari mengi ya jeshi yalikuja na turubai yenye vidirisha vya plastiki laini. Plastiki hiyo hugeuka manjano na kupasuka kwa jua. Wengine hutia mahali pake plastiki ngumu. Kwa nyuma yavumilika, ila mkulima wa karafuu afikiri mara mbili. Plastiki hukwaruzika upesi kwa vumbi, na mafuta ya karafuu hula plastiki za namna nyingi. Kwa sababu hiyo watu huyahifadhi katika chupa za kioo. Magunia yanayoegemea dirisha la plastiki msimu baada ya msimu yaweza kuliharibu. Na mbele plastiki isitiwe kamwe, kwani wipa itaikwaruza mpaka isionekane kitu.

Wala tusiseme kwamba dirisha la nyuma ni la urembo. Mvua za vuli hutukuta wengi wetu karafuu zi majamvini au zi njiani. Gunia moja likilowa kwa dirisha linalovuja, karafuu huota ukungu na hushuka daraja, na jasho la mchumaji na la mwanikaji limekwenda bure.

SAFARI YA KURUDI

Kioo husafiri kimesimama juu ya ukingo wake, hakilazwi. Kikilazwa, uzito wake wenyewe na mtikisiko wa chombo huweza kukipasua. Kitiwe katika sanduku la mbao lenye majani makavu au vipande vya godoro, na kati ya kioo na kioo pawe na kadibodi kavu. Karatasi iliyolowa maji ya bahari huacha madoa. Andikeni juu ya sanduku "KIOO", na upande wa juu utiwe mshale. Mwenye mzigo akae karibu nao mpaka Mkoani au Wete.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kioo cha gari hata hiyo ziada haipo: ufa wa kioo hauzibiki, hungojewa tu. Mwenye ufa mbele ya macho yake leo asingoje msimu uingie na barabara zijae watu na magunia. Akate kigezo sasa wakati kazi ni chache, aulize maswali yaliyoandikwa hapa, na alipe bei ya kioo cha tabaka. Rahisi huvunja upishi. Na katika jambo hili kinachovunjwa ni uso wa mtu.